Mwenyeji wa Ukingo wa Turkwel

Mgeni akifika kwake, kabla hajaulizwa jina, aliulizwa amekuja kwa usafiri gani. Aliyekuja kwa basi kutoka Kitale alipewa chai. Aliyekuja kwa ndege alipewa chai pia, lakini ikishaisha alikabidhiwa ndoo, akaonyeshwa miche iliyopandwa ukingoni na kuambiwa aimwagilie safu nzima. Nimemwona mkurugenzi mmoja, mtu wa viatu vya kung'aa, akipanda na kushuka pale na ndoo yake huku jasho likimtiririka, na mwenye nyumba ameketi kwenye kigoda akimwelekeza: "Ile ya mwisho bado haijakunywa, baba."

Tulimwita Mwenyeji. Wageni ndio walioanza, sisi majirani tukafuata, na mwishowe hata binti yake akawa anapiga simu kutoka Nairobi na kuniuliza, "Mwenyeji anaendeleaje?" Nyumba yake ya wageni ilikuwa Kanamkemer, pale mji wa Lodwar unapokwisha na ukingo wa mto Turkwel kuanza. Ilikuwa vibanda vichache vya udongo vilivyoezekwa makuti ya mkoma, na sola moja ya taa na simu, basi. Hakukuwa na jenereta, wala feni, wala maji ya chupa. Watu wa mashirika ya misaada walitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma siku ya Ijumaa wakaja kupumzika, na wengine walitoka mbali zaidi, wale wanaotaka kutembea duniani bila kuijaza moshi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yangu ilikuwa safu ya pili nyuma ya kwake, na wikendi nilikuwa nikimsaidia kuzungumza na wageni wasiojua Kiswahili.

Niseme mapema jambo moja, msomaji asije akanidhania shujaa. Mimi ni mwoga wa maji. Nimekulia Katilu, juu kidogo kwenye mto huo huo, na nimeyaona maji ya Turkwel yakipita na mbuzi, na paa la nyumba, na kitanda ambacho blanketi lake lilikuwa bado limetandikwa. Kwa hiyo miaka yote niliyomjua Mwenyeji nilimjua nikiwa na tumbojoto. Mto ulikuwa unaula ukingo wake kidogo kidogo. Kila ilipokaribia mvua binti yake alinipigia: "Mwalimu, nakuomba, mtoe mama kabla mto haujapanda." Nami kila mara nilikwenda kumbembeleza, na kila mara nilirudi mikono mitupu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shanga za shingoni alizozivaa hata akilala, na sauti ya chini isiyolingana na urefu wake. Hakupenda kelele. Aliamini kelele na moshi ni ndugu, kwamba kila kinachonguruma kinachafua. Wageni aliwapikia kwa makaa ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa zamani ukaenea kila mahali hadi watu wakauchukia. "Huu kata," alisema. "Huu hauna mwenyewe." Maji ya kuoga yaliteremka kwenye mipapai. Choo kilikuwa cha majivu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni namna ya kukitumia, bila kupepesa macho, mbele ya watu wote, wakati wa chakula. Nilikuwa nikitafsiri nimeinamia sahani.

Lakini usidhani alikuwa mtakatifu. Alipenda soda baridi kuliko mtoto yeyote wa darasa langu. Kulikuwa na duka moja barabarani lenye friji iliyoendeshwa kwa jenereta yenye kelele za kuumiza meno, na mara nyingi nilimkuta huko nyuma ya mlango, chupa mkononi, macho amefumba. Siku ya kwanza alishtuka. Siku ya pili aliniambia, "Kaa, mwalimu. Hapa si kwangu, hapa ni kwa Msomali. Moshi ni yake." Na pikipiki, Mungu wangu! Alizisema vibaya kutwa nzima, kisha akipanda boda kwenda mjini alimgongagonga dereva begani ili aongeze mwendo. Madereva wa stejini walikuwa wakigombania kumbeba kwa sababu ya kucheka tu.

Kuna kisa cha lifti ambacho binti yake hachoki kukisimulia. Alipokwenda kumtembelea Nairobi, binti yake alikuwa anaishi juu kabisa ya jengo refu. Mwenyeji aliitazama lifti ikifunguka na kujifunga, akauliza inakula stima kiasi gani, kisha akatangaza kwamba yeye hawezi kuharibu stima ya watu kwa ajili ya miguu yake mwenyewe. Akapanda ngazi. Akashuka ngazi. Alifanya hivyo kila siku hadi aliporudi, na majirani wa ghorofani wakamsifu sana, mama wa kijijini anayejali mazingira kuliko wasomi. Jioni ya mwisho binti yake alimkamata mkono kwa mzaha akamvuta ndani ya ile lifti. Mwenyeji akapiga yowe lililomtoa mlinzi langoni. Tangu nisikie kisa hicho, kila aliposema "mimi sitaki hiki kwa sababu ya dunia," nilimtazama usoni nikijiuliza kama ni msimamo au ni woga. Sikuweza kutambua. Uso wake ulikuwa ule ule.

Lakini mbele ya watu hakuogopa, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwoga anajua mtu mwoga mwenzake atafanya nini. Yeye sikujua.

Kwetu Turkana miti ya mtoni ina wenyewe. Ukitembea kando ya Turkwel utaona migunga tu, mikubwa, na mgeni atadhani ni msitu wa Mungu. Sivyo. Kipande hiki cha miti ni cha familia hii na kile ni cha familia ile, na kipande chenyewe tunakiita ekwar. Maganda ya mbegu yakianguka wakati wa kiangazi ni ya mbuzi wa familia hiyo, na jirani mwenye shida anaomba, hanyimwi. Lakini hakuna anayekata. Mwenyeji alikuwa analinda ekwar ya familia ya marehemu mumewe, na vibanda vyake vyote vilijengwa kukwepa shina na mizizi, hata kimoja kilipinda katikati. Wageni walikipenda hicho kuliko vyote.

Mwaka mmoja wa ukame vijana watatu walikuja mchana kweupe na mashoka. Walitaka mgunga wa pembeni kabisa, ule mkubwa uliokuwa umeegemea mto, wachome makaa. Nilikuwa pale nikisahihisha madaftari. Mmoja alikuwa ananuka pombe, na jinsi alivyokuwa anaupima ule mti kwa macho, kisha kumpima Mwenyeji kwa macho yale yale, ilinifanya niinuke nisimame nyuma ya meza. Mwenyeji aliendelea kupepeta mtama.

"Ejok," wakamsalimu.

Hakujibu.

Wakarudia. Hakujibu. Akaniambia mimi, kana kwamba hawapo, "Mwalimu, chukua kofia yako, twende kwa baba ya huyu mrefu."

Tukaenda. Nyuma yetu nilisikia pigo la kwanza la shoka, nikajua wameanza, naye hakugeuka. Tulipofika kwa yule mzee, baba wa kijana, Mwenyeji alisimama mlangoni pake na kumnyima salamu. Mzee alimsalimu, akamsalimu tena, akaleta kigoda, akaita wake zake nao wakasalimu. Mwenyeji kimya, ametazama chini. Kwetu mtu akikunyima salamu mlangoni pako, tena mjane, tena mchana watu wakiona, ni jambo zito kuliko matusi. Watu walianza kukusanyika. Mzee akaniuliza mimi kuna nini, nikasema, "Mti." Aliondoka mbio na fimbo yake. Tuliporudi vijana hawakuwepo, na mgunga ulikuwa na jeraha jeupe kiunoni, kubwa kama mlango wa kuku.

"Ungeuawa," nilimwambia. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeogopa.

"Mti ukianguka ningeuawa tu," akasema. "Pole pole, lakini ningeuawa. Na wewe pia."

Nilidhani ni maneno ya watu wazima. Nikaokota madaftari yangu.

Wageni waliotaka kutembea aliwapeleka Kakuma. Hakukodi gari la peke yao hata siku moja. "Gari moja kubwa na mtu mmoja ndani, hiyo ni nini? Ni jeneza inatembea." Walikwenda kwa magari ya abiria pamoja na watu na magunia yao, na huko walilala kwa rafiki yake, Mkongomani mmoja tuliyemwita Mama Furaha, mshonaji na mwimbaji wa kanisani, mkimbizi wa miaka mingi. Huyo alikuwa amejifunza kufinyanga jiko la udongo linalokula kuni kidogo sana. Wawili hao walikutana kwa ugomvi. Wanawake wa kambini walikuwa wakitoka kutafuta kuni, wenyeji wakiwafukuza, na Mwenyeji alikuwa miongoni mwa waliofukuza, kwa fimbo. Badala ya kukimbia, Mama Furaha aliketi chini akalia kwa uchovu, na Mwenyeji, ambaye hakujua la kufanya na fimbo yake, akaketi pia. Baada ya hapo wakawa chanda na pete. Mama Furaha alimfundisha kutengeneza jiko, naye akamfundisha ni kuni zipi ziokotwe na wapi, bila mtu kupigwa. Hadithi ya fimbo waliwasimulia wageni kila mara, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Ni huko Kakuma, kwenye laga ya Tarach, nilipoona kitu ambacho hadi leo kinaniamsha.

Laga, kwa asiyezijua, ni mto usio na maji. Ni mchanga mtupu, mpana, unaotembea juu yake mwaka mzima ukasahau kuwa ni mto. Maji yako chini. Watu wanachimba shimo mchangani na kuyachota kwa kata, matamu na baridi. Mwenyeji alipenda wageni wanywe maji hayo, kwa sababu alisema mtu akishachimba maji yake kwa mkono hatayamwaga tena. Siku hiyo tulikuwa na mume na mke kutoka Nairobi, watu wapole, waliokuja kwa basi kwa makusudi na kujisifu kidogo kwa hilo. Walichimba wakicheka. Mbingu ilikuwa safi, jua la saa nne, hakuna wingu hata la dawa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo, juu, nikisingizia kulinda viatu.

Mama Furaha ndiye aliyeona. Alikuwa anatuletea mkate, akasimama ghafla upande wa pili, akautupa mkate.

"Mayi inakuya! Tokeni! Mayi inakuya!"

Sikuona maji. Niliona vumbi, kitu cha rangi ya kahawia kikija chini chini kwenye kona ya laga, na nikasikia sauti ya vitu vikavu vikivunjika. Wageni walitoka mbio, mke akimvuta mume. Mwenyeji alitoka nao, akafika karibu kabisa na ukingo niliposimama nimenyoosha mkono. Kisha akageuka akarudi.

Nilipiga kelele nikimwita. Alirudi hadi kwenye lile shimo, akaburura matawi ya miiba yaliyokuwa pembeni, akaanza kulifunika. Kwetu mtu haachi shimo la maji wazi. Mtoto anaweza kuanguka, mbuzi anaweza kuvunjika mguu. Tunafundishwa hivyo tangu tunajifunza kutembea. Na hapo, mto mzima ukiwa unamjia, yeye alikuwa anapanga miiba, tawi hili hapa, tawi lile pale, kwa utaratibu kabisa. Mama Furaha aliruka mchangani, mnene vile alivyo, akamkamata shanga na shuka kwa pamoja akamkokota. Uzi wa shanga ukakatika. Maji yaliwakuta magotini wakati namshika mkono mmoja na yule mgeni akimshika mwingine. Muda mfupi baadaye pale palipokuwa na shimo palipita gogo kubwa likizunguka.

Tulikaa chini wote. Mke wa yule mgeni alikuwa analia. Mama Furaha alikuwa anamgombeza kwa Kiswahili cha kwao, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine nisiyoijua.

"Mama," nikamwambia nilipopata pumzi, "ulikuwa unamfunikia nani?"

Alitazama mikono yake iliyochomwa na miiba. "Sijui," akasema. "Mkono ilienda yenyewe."

Tangu siku hiyo sikumwamini tena. Sisemi kwamba niliacha kumpenda. Nasema nilijua sasa kwamba siku mto wa kwake utakapokuja, hatafanya la maana. Atafanya lile alilozoea. Atarudi kufunika kitu, kufungia mbuzi, kumwagilia mche, na mimi nitakuwa mbali nimenyoosha mkono. Nilimsimulia binti yake, na ule wasiwasi ukawa wetu wawili. Mvua ikinyesha milimani kule Pokot, hata sisi Lodwar tukiwa tunakaangwa na jua, yeye alikuwa ananipigia asubuhi na jioni. "Umemwona? Yuko wapi? Maji yako wapi?"

Nilijaribu kila njia. Mradi mmoja ulikuja ukataka kumjengea ukuta wa saruji na mawe mbele ya nyumba, bure, nami nikashangilia. Akakataa. Nilimwambia usinipe yale maneno yako ya moshi wa kiwanda cha saruji, hapa ni roho yako. Akanichukua hadi ukingoni, mahali ambapo mimi huwa sifiki, akanionyesha mkondo.

"Ukikaza hapa, mto inapiga wapi?"

Nikatazama. Chini kidogo ya kwake palikuwa na nyumba za watu, na watoto wakicheza.

"Inapiga kwa hawa," akasema. "Sasa nilale vizuri, hawa waende na maji?"

Akaendelea na miti yake. Alipanda mikonge, alisuka uzio wa matawi kukamata mchanga, aliwatia wageni wa ndege kazini na ndoo zao. Na kusema kweli palikuwa panashika. Juu na chini ya ekwar yake, ambako watu walikata miti, mto ulikuwa umeingia ndani kama mdomo. Kwake ulitoboa, lakini kwa shida. Sisi wa safu za nyuma tulilala usingizi tukisema, "Mbele yetu kuna Mwenyeji." Tulisema kwa utani. Wengine walinunua makaa ya migunga siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja sikupata kukielewa. Kila nilipokwenda kumbembeleza ahame, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza habari za watoto wangu. Wanasoma? Wanalala wapi, chumba cha mbele au cha nyuma? Yule mdogo ameshajua kupanda mti? Nilidhani anabadilisha mazungumzo. Nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika, nikimwambia mke wangu kwamba yule mama ni kichwa ngumu, ukimzungumzia kifo chake anakuuliza habari za chekechea.

Mara ya mwisho kumwona pale ilikuwa mwezi wa Novemba, mchana, mbingu ya Lodwar ikiwa safi. Kaka yangu alinipigia kutoka Katilu nikiwa darasani. Aliongea haraka hata sikumsikia vizuri, ila nilisikia "mashamba yote" na "hatujawahi kuona." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaweka chaki chini. Maji yanayopita Katilu asubuhi yanafika kwetu kabla jua halijatua. Nikamwomba mwalimu mwenzangu pikapu yake, nikampigia binti wa Mwenyeji nikamwambia safari hii mama yake anatoka hata kama nitamfunga kamba, naye akaanza kulia kabla sijamaliza.

Niliendesha huku nikizungumza peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kumbeba.

Nilimkuta amesimama nje, mbuzi wameshafunguliwa na kuondoka. Vibanda vilikuwa wazi na vitupu, hakuna mgeni. Mto ulikuwa bado chini, lakini rangi yake ilikuwa imebadilika, nao ulikuwa kimya kwa namna ambayo sikuipenda. Yeye hakuwa anautazama. Alikuwa anautazama ule mgunga wa pembeni, wenye jeraha la shoka. Ulikuwa umeinama zaidi, na mizizi yake ya upande wa mto ilikuwa inaning'inia hewani.

"Mama, twende," nikasema. "Leo sitaki maneno."

"Twende," akasema.

Miaka yote ile, na sasa neno moja. Badala ya kufurahi niliingiwa na shaka. Yule mwanamke hakuwahi kukubali kitu mara ya kwanza.

"Gari hii inabeba wangapi?" akauliza.

"Inatosha wewe na vitu vyako vyote."

"Mimi sina vitu. Mke yako iko nyumbani? Watoto wametoka shule?"

"Mama, usinianzie tena habari za watoto! Ingia!"

Akanishika kidevu, kama mtu anavyomshika mtoto asiyesikiliza, akanigeuza uso nitazame chini. Ufa ulianzia kwenye shina la mgunga. Ulipita chini ya kibanda kilichopinda, ukapita jikoni kwake, upana wa kiganja, ukaendelea kwenye uwanja wa nyuma hadi nje ya uzio. Niliufuata kwa macho. Ulikuwa unaelekea kwenye safu zetu, na mwisho wake ulipotelea kwenye ukuta wa nyumba yangu, upande wa chumba cha mbele wanapolala watoto.

"Miti ndiyo ilikuwa inashika," akasema. "Nilikaa kwa sababu ilikuwa inashika. Ningetoka wangeikata. Sasa imeachia. Geuza gari, mwalimu, beba watoto yako kwanza. Mimi nitapiga hodi kwa hawa wengine."

Sikumbuki nilivyogeuza. Nakumbuka mke wangu akiuliza kuna nini nami nikimtupa mtoto mdogo nyuma ya pikapu kama gunia. Niliwapeleka shuleni, kwenye mwinuko, nikarudi, nikabeba wazee wa nyumba ya jirani, nikarudi tena. Kila niliporudi nilimwona Mwenyeji akitoka mlango huu na kuingia ule, akigonga kwa fimbo, akiwatoa watu mmoja mmoja. Maji yalikuwa yameanza kunguruma. Aliyekataa kutoka hakubembelezwa. Mwenyeji alisimama mlangoni pake bila kumsalimu hadi atoke.

Safari ya mwisho alipanda yeye, mbele, kando yangu. Tulikuwa hatujafika barabarani tuliposikia ule mgunga ukienda. Haukuanguka kwa mshindo nilioutarajia. Ulikuwa mlio mrefu, wa kuchanika, kisha udongo, kisha udongo mwingine, ukija upande wetu. Kwenye kioo niliona vumbi mahali palipokuwa na paa langu.

Hakugeuka. Alinishika mkono uliokuwa kwenye gia, na nilihisi mkono wake ukitetemeka, kutoka vidoleni hadi begani, mtetemeko wa mtu aliyeuzuia kwa miaka. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa ule ule.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama barabara."